Mnaotaka Kusomea Mapazia

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, mnaanza kuja. Mnabisha hodi hapa kwangu Tunduma, mnatoa shikamoo kwa adabu ambayo wiki iliyopita hamkuwa nayo, halafu mnatoa simu. Ndani ya simu mna picha: kochi jeupe, zulia jeupe, ukuta mweupe, na ua la plastiki kwenye chungu. "Shangazi, nataka kusomea haya." Nawauliza, haya yapi? Nyumba hii ni ya nani? Viatu vyao wanaviacha wapi? Mgonjwa akiwapo analala wapi? Mnanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa, na mimi naendelea kunywa chai yangu.

Nimefanya kazi ya usanifu wa ndani ya majengo maisha yangu yote ya utu uzima. Nilianza na stashahada, halafu nikarudi chuoni kuchukua shahada nikiwa tayari nimezaa, darasa zima likiniita Mama. Nimestaafu kwa sababu magoti yamekataa ngazi. Mdomo bado uko kazini, kwa hiyo kaeni, niwaseme kidogo kabla hamjaenda kujaza nafasi za watu.

Wengi wenu mnaichagua shahada hii kwa sababu mmesikia haina hesabu. Nani kawadanganya? Mtapima mpaka mchoke. Mtajifunza mwanga unaingia vipi na moshi unatoka vipi, sauti inarukaje ukutani, moto ukiwaka watu wanakimbilia mlango gani. Mwaka wangu wa kwanza tulipewa kazi ya kupima choo cha bweni. Tuliambiwa tupime kila kitu, hata nafasi ya kiwiko cha mtu anapofunga mkanda. Palikuwa na kijana mmoja mtanashati, viatu vyake vinang'aa hata mvua ikinyesha. Akasema hakuja chuo kupima vyoo, yeye alikuja kujifunza rangi. Muhula haukuisha, akahama. Sijui yuko wapi siku hizi, naomba tu asiwe anajengea watu.

Tulikuwa na mwalimu mmoja, mama mfupi mkali, ambaye mpaka leo nikikosea kitu nahisi yuko nyuma yangu. Siku moja alitupeleka nyumbani kwa mama anayepika maandazi ya kuuza. Mlangoni akatunyang'anya penseli zote, akatuketisha kwenye kona ya jiko, akasema tuangalie. Tuliangalia asubuhi nzima, moshi machoni, wengine wakikohoa kwa makusudi ili waonewe huruma. Tulipotoka akauliza swali moja tu: "Chumvi ya yule mama inakaa wapi?" Hakuna aliyejua. Tuliona maandazi, tuliona mafuta, tuliona paka. Chumvi, hakuna. "Mnataka kumpangia mtu jiko," akasema, "na hamjui chumvi yake iko wapi." Akaturudisha ndani tukaanze upya. Ninyi mngempiga picha mkaituma mitandaoni.

Nilipomaliza nikarudi huku kwetu, na kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa nyumba ya wageni karibu na barabara ya malori. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara aliyepata hela haraka, na watu wa namna hiyo wana ugonjwa mmoja: wanataka vioo. Kioo mlangoni, kioo kwenye meza, na mwisho wa korido akataka kioo kikubwa, kuanzia sakafuni mpaka juu. Nikamwambia wateja wako ni madereva, wamekaa kwenye foleni ya mpakani hadi macho yamekuwa mekundu, wamejaa vumbi, wanataka maji na kitanda. Weka sinki la kunawia hapa mlangoni, weka kulabu za makoti, sakafu iwe ya rangi ya udongo. Akacheka. "Mama, hiyo siyo ya kisasa."

Fundi wetu wa mbao alikuwa Mzee Sichone, mtu wa upande wa pili wa mpaka, Nakonde ya Zambia, mzuri sana kwa randa na mbaya sana kwa unafiki. Aliposhika kile kioo akanitazama. "Awe, ba mayo," akasema, maana yake hapana mama, "hiki kitatuletea vita." Tukakifunga, kwa kuwa mwenye nyumba ni mwenye nyumba. Jioni ya kwanza dereva mmoja mnene akatoka chumbani na ndoo yake ya kuogea. Akaona mtu mnene anakuja na ndoo. Kwa ustaarabu akasimama pembeni ampishe. Yule mtu naye akasimama pembeni. Dereva akahamia upande mwingine, yule naye akahama. "Pita basi!" Hapiti. Tukasikia matusi ya Kibemba na ya Kiswahili yamechanganywa, kisha ndoo ikarushwa, kioo kikapasuka. Mwenye nyumba alilia kama amefiwa. Wiki iliyofuata sinki likafungwa mlangoni na kulabu zikapigwa ukutani, na yeye akawa anawaambia wageni kwamba ni wazo lake.

Hizo ndizo kazi. Kama mnataka siri za ufundi, zichukueni, hazinilemei. Usichague rangi dukani. Paka kipande ukutani, kitazame asubuhi, kitazame jua likizama, kitazame siku ya mawingu, ndipo ukubali. Pazia lipimwe baada ya fimbo yake kufungwa, siyo kabla, hata mteja akikuharakisha vipi. Usipige dari ya jipsamu chini ya bati linalovuja, hata wakikuita mshamba. Na kabla hujachora mlango au korido, jiulize kitu kikubwa kuliko vyote kitakachopita hapo ni kipi. Msilisahau hilo la mwisho. Mama yangu alilipia la mwisho.

Mama yetu aliishi Isongole, juu milimani. Tuko watoto wawili, mimi na mdogo wangu Ambakisye, ambaye anauza vipuri vya malori hapa Tunduma na amefanikiwa, na anajua kwamba amefanikiwa. Akaamua kumjengea Mama nyumba. Sina ubaya na hilo. Ubaya ulianza alipotoa simu. Alikuwa na picha, kama zenu. Katikati ya sebule, viti vya zege vimejengewa kuzunguka pande tatu, vimevalishwa vigae, na mbele yake ukuta uliopindwa wa kuwekea televisheni. Kutoka hapo korido nyembamba inakata kona kwenda chumbani kwa Mama.

"Kila kitu kimejengewa, dada," akasema, amefurahi kabisa. "Hata mwizi hawezi kuiba kochi."

Nikamwambia: Ambakisye, huku kwetu mtu akifa tunatoa viti vyote nje. Tunatandika mikeka, akina mama wanakaa chini na marehemu, wanalala hapo hapo sakafuni. Hivi viti utavitoa vipi? Na ile kona jeneza litapindaje?

Akasimama. Rangi ikambadilika. "Dada, unamchuria mama, unamwitia kifo?"

Sasa hapo ndipo watu wetu wanaponichosha. Hakuna nyumba huku milimani ambayo haitaweka msiba, na hakuna mtu anayeruhusiwa kuutaja siku ya kujenga. Ukitaja kifo mbele ya ramani wewe ni mchawi. Tunajenga kama watu ambao hawatakufa, kisha tunazika kila mwezi. Nilimwambia kumchuria mtu ni kumjengea mahali pabaya, siyo kusema ukweli. Hakunisikiliza. Akamwambia fundi aendelee, na kwa wiki kadhaa hakupokea simu yangu. Alimweleza mkewe kwamba mimi nimesomea mapazia, nibaki na mapazia yangu.

Mama akahamia. Siku nilipokwenda kumsalimu nikamkuta jikoni, lile jiko la nje la matofali ambalo lilibaki kutoka nyumba ya zamani, amekaa kwenye kigoda chake karibu na moto. Sebuleni hapakuwa na mtu. "Vile viti vina baridi mwanangu," akaniambia, "ukikaa mifupa inalia." Baridi ya Isongole mnaijua wenyewe. Lakini Ambakisye akija na wageni, Mama alikuwa anakwenda kukaa juu ya vile vigae, amejifunika mablanketi, anatabasamu ili mwanawe asifedheheke. Nilikasirika mpaka nikashindwa kula.

Ambakisye ana binti, Atupele. Huyu naye alikuja kwangu na simu, msidhani nilimbagua. Amemaliza kidato cha sita, anataka usanifu wa ndani, na ana picha za kochi jeupe. Nilimsema vibaya sana. Nikamwambia nenda Isongole ukae na bibi yako, simu uiache huku, urudi uniambie chumvi iko wapi. Nilidhani ataenda kulalamika kwa mama yake.

Alikwenda. Alikaa huko kipindi kirefu. Aliporudi hakunipa picha wala mchoro, alianza tu kusema. Kwamba bibi hapiti na ndoo kwenye ile kona, anaiweka chini, anageuka, anaiinua tena. Kwamba bibi chumbani kwake amehamisha kitanda kikawa chini ya dirisha ili aone nani anapita njiani. Kwamba jirani zake hawaingii mlango wa mbele kwa sababu wanaogopa kuchafua vigae, wanazunguka mpaka jikoni, na mlango wa jiko ndio mpana kuliko yote kwa kuwa zamani ulikuwa unapitisha magunia. "Chumvi iko kwenye kopo la bluu, Shangazi, kwenye tofali lililochomoza, mkono wa kushoto." Nikaweka kikombe cha chai chini. Kwa miaka yote niliyofundisha vijana kazini, ni wachache mno waliowahi kuninyamazisha.

Majina yakatoka. Amechaguliwa vyuo viwili: kimoja usanifu wa ndani, kingine uuguzi. Anatakiwa athibitishe kimoja, na muda wa kuthibitisha una mwisho. Ukipita, nafasi imekwenda. Ambakisye akasema uuguzi. Sina neno baya juu ya uuguzi, wauguzi wamenifungua macho na kunifunga vidonda. Lakini binti huyu akiona damu anakaa chini. Baba yake hakutaka kusikia.

"Nesi anaajiriwa. Huyo mwingine ataajiriwa na nani? Na wewe, dada?"

"Umeshamuuliza mwenyewe anataka nini?"

"Mtoto haulizwi. Mtoto anaelekezwa."

Akamwambia Atupele mbele yangu: ukithibitisha hayo mapazia, usinihesabu kwenye safari yako. Ada, nauli, baraka, vyote usahau. Msichana akainamisha kichwa. Hakuthibitisha uuguzi, hakuthibitisha usanifu, na siku zikawa zinakwenda. Hivyo ndivyo tulivyokuwa wakati simu ilipotoka Isongole kwamba Mama amefariki asubuhi, kitandani kwake, ametazama dirisha.

Sitaki kuwasimulia nilivyolia. Nitawasimulia nyumba. Tulipofika, akina mama walikuwa wameanza kujaa, na kama kawaida walikuja na mikeka na mablanketi kwa ajili ya kukaa chini. Wakaingia sebuleni wakasimama. Chini pako wapi? Viti vya zege vimekula nafasi yote. Wengine wakakaa juu ya vigae kwa mstari kama abiria stendi, wote wameelekea ukuta wa televisheni, hakuna anayemwona mwenzake akilia. Wengi wakabaki nje kwenye ukungu, wazee kabisa, waliomjua Mama tangu msichana. Mama mwenyewe yuko chumbani, na hapakuwa na mahali pa kumlaza katikati ya watu wake.

Jeneza likaja. Wanaume wakaliingiza, likafika kwenye kona, likakwama. Wakalirudisha, wakaliinamisha, wakajaribu tena. Mmoja akasema tulisimamishe wima, wazee wakamkemea. Ambakisye alikuwa ameshika upande wa mbele, jasho linamtoka kwenye baridi ile, anasukuma ukuta wake mwenyewe kwa bega. Hata watu waliobeba mwili mikononi wasingepinda pale, mwisho wakaenda kukata nondo za dirisha la chumba. Tulisikia msumeno unalia juu ya chuma huku kwaya ikiimba, na kwaya ikapandisha sauti ili kuufunika. Mama yangu, aliyezaa na kulima na kutusomesha, alitolewa dirishani ndani ya shuka kama kitu kinachoibwa, akalazwa jenezani huko nje. Nilitaka kumpiga mdogo wangu. Nawaambia wazi, nilitaka kumpiga mbele za watu.

Atupele ndiye aliyenishika mkono. "Shangazi, tumpeleke jikoni."

Bibi mmoja wa kanisani akashtuka. "Mwe! Marehemu jikoni? Tumekuwa watu gani?"

"Bibi alikuwa anakaa huko," Atupele akasema. Hakurudi nyuma. "Ninyi nyote mlikuwa mnamkuta huko. Hakuna aliyewahi kumsalimia sebuleni."

Wakanitazama mimi, dada mkubwa. Nikasema mwanangu afanye anavyoona. Basi akaanza. Akawatuma vijana watoe kuni na vyungu, wazoe majivu, wamwage maji kidogo vumbi lilale. Upande unaoleta upepo akafunga turubai, ndani yake mablanketi mazito. Moto akauhamishia nje kwenye pembe ili joto liingie na moshi usiingie. Akapima kwa hatua zake, akaelekeza jeneza likae wapi, kichwa wapi, ili wanaoingia mlango mpana wapite, wamuage, watokee upande wa pili, mlango mdogo wa nyuma, bila kurukana. Mikeka ikatandikwa. Akina mama wakaingia wakakaa chini, bega kwa bega, wakamzunguka Mama, na ndipo kilio kikatoka kama kinavyotakiwa kutoka. Yule bibi wa kanisani alikaa karibu kabisa na kichwa. Baadaye nilimsikia akimwambia mwenzake, hapa ndipo penyewe.

Tukazika. Matanga yakaanuliwa, watu wakatawanyika. Nikiwa nafunga mizigo nikasikia mlio sebuleni. Ambakisye ameshika nyundo kubwa, amevua shati, amekipiga kiti cha kwanza, kigae kimoja kimepasuka. Aliponiona akaishusha.

"Dada, nibomoe wapi? Wewe ndiye unayejua."

Miaka yote ile hakuwahi kuniambia kwamba ninajua kitu. Ningeweza kumjibu mengi, na mengi nilikuwa nimeyaandaa. Nikamwambia, "Mimi nimestaafu. Muulize mwanao."

Atupele alikuwa anafagia korido. Baba yake akamwita, akamuuliza swali lile lile, hata uso hajauinua. Msichana akaegemeza ufagio ukutani, akaitazama ile sebule, akachukua muda wake.

"Atakaa nani humu, Baba?"

Ambakisye alitazama vigae, alitazama ukuta wa televisheni, alitazama mlango wa mbele ambao majirani walikuwa hawaupiti. Akakaa juu ya zege lake, nyundo katikati ya miguu, akaanza kulia. Sijamwona mdogo wangu akilia tangu tukiwa watoto, hata makaburini hakulia.

"Nilimjengea," akasema. "Nilimjengea Mama. Sikumuuliza."

Siku ile ilikuwa siku ya mwisho ya kuthibitisha chuo, na wote watatu tulikuwa tunajua, na hakuna aliyekuwa ameitaja tangu msiba uanze. Ambakisye alikaa hivyo mpaka kilio kikaisha chenyewe. Kisha akajifuta uso kwa shati lake, akamgeukia binti yake.

"Wewe nakuuliza, mwanangu. Unataka kusomea nini?"

Nilichukua mzigo wangu nikatoka nje kabla hajajibu. Jibu nilikuwa nalijua, na yule msichana alistahili kulisema baba yake akimsikiliza, bila shangazi kusimama mlangoni.